Shajara ya moa: injini inapanda inashuka, kamba inarudi na mkono

Jumamosi, mchana

Hali ya moa leo, yaani mashine ya kukata majani: inawaka ila haitulii. Ukivuta kamba inashika, inapanda kwa kelele, inashuka mpaka unadhani inazima, inapanda tena, inashuka tena, hivyo hivyo bila kuchoka, na ukiiingiza kwenye majani marefu inakohoa inazima. Saa nyingine ukivuta kamba inakurudishia, kishikio kinaondoka na vidole. Majani nayo hayasubiri mtu, masika imekolea hapa Arusha, pasipalamu ya mbele ya nyumba imeshapita vifundo vya miguu na mke wangu ameshaanza kuuliza kama fyekeo letu bado lina makali.

Kwa wanaotaka kujua ni mashine gani, ni mtumba, ilishuka na kontena la Uingereza pamoja na baiskeli na makochi. Injini ni Briggs & Stratton, silinda moja, farasi 3.5, ile ya zamani yenye valvu za ubavuni, yaani valvu haziko juu kwenye hedi, ziko pembeni ya silinda, na hedi yenyewe ni kipande tu cha alumini chenye mapezi ya kupozea. Namba zimegongwa kwenye kava la juu. Modeli inaanza na 9, na kwa hizi injini tarakimu za mwanzo ndo ukubwa kwa inchi za ujazo, kwa hiyo inchi 9, karibu cc 148. Ile namba ya utambulisho (code) ya pembeni inaanza na 88, maana yake imetengenezwa 1988. Ni kubwa kiumri kuliko kijana anayeisukuma.

Hiyo 88 ina kazi yake, subiri. Kuna mzee jirani, fundi mstaafu, alikuwa anapita akaisikia inavyolalamika, nikamwamkia shikamoo mzee, akaitikia marahaba, halafu hapohapo getini bila hata kuingia akatoa hukumu: "Platini hizo kijana wangu. Zipige msasa, weka pengo, kwisha habari." Namheshimu sana mzee ila humu ndani platini, zile ncha za kukata na kuunga umeme wa cheche, hakuna. Kuanzia 1982 hizi injini zilianza kufungwa koili ya elektroniki, Magnetron, kidude kimoja kimefungwa pembeni ya flaiwili, lile gurudumu la juu ya injini, hakuna cha kusugua wala cha kuweka pengo la platini. Ndo maana nasema angalia mwaka kwanza kabla hujashika msasa.

Fundi wa bodaboda wa pale kona yeye alisema kabureta imekufa, tafuta nyingine bosi. Hajaigusa, hajaifungua, ameisikia tu. Na kuna mwingine kaniambia ni mwinuko, mashine za Ulaya zimezoea chini sisi tuko juu. Huyu angalau ana hoja, kwa hiyo nimkalie kidogo. Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo ya kusukumia hewa inapoteza nguvu kama asilimia 3 na nusu kwa kila mita 300 hivi unazopanda, kwa hiyo ile farasi 3.5 hapa ni kama 3 tu. Hiyo kweli. Lakini hewa ikiwa nyepesi mchanganyiko unakuwa na petroli NYINGI kuliko hewa, plagi inakuwa nyeusi, ekzosi inatoa moshi mweusi na harufu. Mimi nimefungua plagi hapa, kaure yake nyeupe, kavu, hata chembe ya sizi hakuna. Hii injini ina njaa ya petroli. Kwa hiyo mwinuko ungekuwa unanisaidia, sio kuniharibia, na kama bado ina njaa huku juu basi kuna kitu kimeharibika kweli.

Jumamosi, jioni

Nimeanza na vya bure.

Petroli kwanza. Nimemwaga yote kwenye chupa ya maji ya plastiki inayoona ndani nikaiacha itulie. Kweli, chini kuna tone tone za maji zinazungukazunguka na uchafu mwekundu wa kutu. Tenki la hii mashine ni la bati, sio plastiki, na mfuniko wake una kitundu cha kuingiza hewa, mashine ilikuwa inalala nje chini ya bati linalovuja msimu wote wa mvua, unategemea nini. Nikajaribu na karatasi pia, unadondosha petroli kwenye karatasi nyeupe unaiacha ikauke, petroli safi inaondoka haiachi kitu, ikiwa na mafuta ya taa inabaki alama ya mafuta. Yangu imeondoka safi. Kuchakachua siku hizi sio kama zamani, tangu EWURA, mamlaka ya nishati na maji, walipoanza kuweka vinasaba (alama za kutambua mafuta halali) 2010 mambo yalibadilika, ila kipimo cha karatasi hakikugharimu kitu kwa nini usifanye.

Eya klina ni ile ya sponji. Nimeifua kwa sabuni ya unga, nimeikamua, ikakauka juani, nikaitia oili kidogo nikaikamua tena ndani ya kitambaa. Watu wengi wanairudisha kavu, na sponji kavu haishiki vumbi, vumbi letu hili la volkano ni jembamba linapita tu linaenda kula silinda.

Plagi: pengo nimelipima kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi), lilikuwa kubwa, nimelirudisha kwenye milimita 0.76. Nikailaza kwenye mwili wa injini nikavuta kamba, cheche ipo, ya bluu, inasikika. Ila msidanganyike na plagi ya bodaboda, haifai humu, na za magari hata zile ambazo uzi wake ni wa milimita 14 nyingi ni ndefu. Hii inataka fupi, uzi wenye urefu kama milimita 9 na nusu tu. Kwenye injini ya valvu za ubavuni ukiweka ndefu utagonga kitu huko ndani, na hapo shajara itakuwa ya aina nyingine.

Nimeweka petroli mpya, tenki lijae, nimewasha. Imetulia kidogo! Nimefurahi kama dakika kumi. Kadiri petroli ilivyoshuka ndo wimbo ukarudi, inapanda inashuka, na tenki lilipofika nusu ikawa vilevile ya asubuhi. Nikavuta choki nusu, ile inayobana hewa ili petroli izidi. Ikatulia papo hapo, ikanguruma vizuri. Nikarudisha choki, ikaanza tena.

Hapa nimekaa chini nikaandika mambo mawili kwenye boksi la plagi. Choki nusu inaitibu, maana yake njaa ya petroli, imethibitika. Tenki likijaa inapona, likipungua inaugua, maana yake kinachovuta petroli kutoka chini ni dhaifu. Na kwenye hii kabureta kinachovuta petroli ni kitu kimoja tu.

Jumapili

Nimetoka ibada nimebadilisha nguo nimeshuka chini ya mwembe na bisibisi.

Hii kabureta sio ya floti, ile yenye boya ndani. Inakaa juu ya tenki, imefungwa nalo kwa skrubu tano, na inashuka na mabomba mawili ya plastiki ndani ya tenki, moja refu moja fupi. Kati ya kabureta na tenki kuna dayaframu, kijipande chembamba cha mpira wa kitambaa, chenye springi ndogo. Injini ikivuta hewa dayaframu inacheza juu chini, inapampu petroli kwa lile bomba refu kutoka chini ya tenki, inaijaza kikombe kidogo kilichotengenezwa juu ya tenki hilohilo, halafu bomba fupi linanyonya kutoka kwenye kikombe kwenda kwenye injini. Wazo zuri sana, kikombe kinakuwa kimejaa muda wote hata tenki likiwa karibu tupu. Mpaka dayaframu ichoke. Ikichoka, tenki likiwa limejaa kunyonya ni kazi ndogo inamudu, petroli ikishuka haifiki.

Kutoa ni rahisi kuliko inavyoonekana, bolti mbili zinazoshika tenki kwenye injini, unachomoa yote kwa pamoja, tenki na kabureta, unaigeuza taratibu huku unaachanisha zile waya za gavana, kile kinachodhibiti mwendo wa injini. PIGA PICHA kabla ya kuachanisha waya. Springi ya gavana ina matundu mawili ya kuchagua na ukiiweka kwenye lisilo lake mashine itakimbia kupita kiasi au italala.

Nimefungua skrubu tano, nimeinua kabureta. Dayaframu ilikuwa imekakamaa na imejikunja mawimbi pembeni kama chapati ya juzi. Ukiibonyeza kwa kidole hairudi. Na hapo ilipokuwa inakaa kwenye tenki kulikuwa na alama ya uchafu inayoonyesha petroli na hewa vilikuwa vinapita chini yake. Kichujio cha waya kwenye mguu wa bomba refu kimejaa kutu nusu nzima.

Nimekaa na hilo tenki muda mrefu. Kokoto ndogo safi na mafuta ya taa ndani, nimelitikisa mpaka mikono ikafa ganzi, nikamwaga, nikarudia, mpaka kinachotoka kikawa cheupe. Kikombe nimekisafisha kwa kitambaa. Halafu kuna kitu ambacho watu hawapimi kabisa, uso wa juu wa tenki pale kabureta inapokaa lazima uwe umenyooka. Unalaza rula ya chuma juu yake, unajaribu kupitisha fila geji nyembamba. Ikipita, tenki limepinda, hata ukiweka dayaframu mpya utakuwa umepoteza hela. Langu limenyooka, bahati.

Jeti (kitundu kinachopima petroli) na vitundu vingine vya kabureta nimepuliza kwa pampu ya baiskeli na kusafisha kwa uzi mmoja wa waya wa breki, mmoja tu, nimeupitisha polepole. Usitumie sindano ya kushonea, inapanua tundu na ukishapanua hakuna kurudi nyuma. Mabomba ya plastiki usiyaloweke kwenye dawa kali ya kusafishia kabureta, yanalainika. Pale kabureta inapoungana na bomba la hewa la injini kuna oringi, pete ya mpira ya kuziba, nayo imekuwa ngumu, hewa ya wizi inapitia hapo. Hewa ya wizi ni ndugu wa petroli pungufu, dalili zao zinafanana.

Dayaframu Arusha mjini sijapata. Nimepiga simu Kariakoo kwa muuza spea za mashine ndogo, nimemtajia modeli na kumtumia picha, anayo, na oringi anayo, itakuja kwa basi kesho kutwa. Hapa nawashauri, mtajie muuzaji namba zilizogongwa kwenye kava, usimwambie "ya moa nyekundu". Nyekundu ziko nyingi.

Jumatano, jioni

Kifurushi kimefika, nimekichukua stendi.

Nimefunga dayaframu kavu, bila silikoni. Kuna mtu kazini alinisisitiza nipake silikoni ili isivuje, hapana, silikoni inaziba njia ya msukumo na inayeyuka na petroli inaingia kwenye jeti. Skrubu tano nimezikaza kwa kuzungukia, kila moja kidogo kidogo, sio moja mpaka mwisho ndo uende nyingine. Oringi mpya nimeipaka oili kidogo ikaingia.

Kuwasha. Imeshika. Ule wimbo wa kupanda na kushuka HAKUNA. Tenki nusu, robo, karibu tupu, sauti ileile. Mpwa wangu aliyekuja kukaa kwetu likizo, ambaye ndo dereva mkuu wa hii mashine, akapiga makofi.

Ila.

Kamba bado inarudisha. Na ikiwa inazunguka bila mzigo iko sawa ila sio nyororo, kuna kishindo fulani ndani, kila baada ya muda inapiga risasi ndogo, pa, na ukiingia kwenye majani nguvu hakuna. Inapata joto haraka pia. Nikavuta choki nusu kuona: safari hii choki haikusaidia kitu, ikazidi tu kuwa nzito na kutoa moshi.

Fundi wa kona alipita akasema si nilikwambia kabureta. Nikamwonyesha: choki haibadilishi, kwa hiyo petroli inatosha. Cheche ipo na ni ya bluu. Kama petroli ipo na cheche ipo basi kilichobaki ni cheche inakuja SAA NGAPI, au mgandamizo. Mgandamizo wa haraka haraka nimeupima kwa kutoa kava la juu, waya wa plagi umechomolewa, nikaizungusha flaiwili kwa mkono kinyume cha mwendo wake, ikagonga mgandamizo ikaruka kurudi kwa nguvu. Silinda iko hai, valvu zinaziba.

Imebaki saa ya cheche.

Sasa hapa ndo nikamwita mpwa. Sikumfokea, nimeuliza tu kwa upole, mwanangu, hii mashine imewahi kugonga kitu? Akaangalia chini. "Mjomba, kile kisiki." Kisiki kipi? "Kile cha mgrevilea, majani yalikuwa yamekifunika. Iligonga ikazima paa. Nikaiwasha ikawaka, nikaona basi." Lini? Kabla ya Pasaka. Na kabla ya Pasaka ndo ilikuwa ya kwanza kumrudishia kamba, hilo alilikumbuka mwenyewe.

Kwa asiyejua, juu ya krankshafti, shafti kuu inayozungushwa na pistoni, kuna flaiwili, ina sumaku pembeni, sumaku ikipita mbele ya koili ndo cheche inatokea. Flaiwili inakaa kwenye shafti iliyochongwa nyembamba kwa juu, na kati yao kuna kipande kidogo cha kii kinachoonyesha flaiwili ikae upande gani. Kisu kikigonga kisiki, shafti inasimama ghafla ila flaiwili iko kwenye kasi bado inataka kwenda, inasogea mbele kidogo, inakata kii au inaitafuna nusu. Kuanzia hapo sumaku inafika kwenye koili mapema kuliko inavyotakiwa. Cheche inawaka pistoni bado ina safari ya kupanda, moto unaisukuma irudi chini, na wewe umeshika kamba. Kile kinachovuta mkono ndo hicho.

Na sio lazima ihame sana. Shafti ya kipenyo cha milimita 20 hivi, kii ikihama milimita moja tu, hizo ni karibu digrii 6 za mzunguko. Injini bado itawaka, itafanya kazi, utalaumu kabureta mpaka mwaka uishe. Na mimi kwa kuwa kabureta nayo ilikuwa inaumwa kweli, dalili zilikuwa zimechanganyika.

Alhamisi, usiku, chini ya taa

Kutoa flaiwili. Kwenye hii hakuna nati ya kawaida, ile klachi ya kamba yenyewe ndo nati, ina masikio. Ina spana yake maalumu, sina, nimetumia kipande cha mti mgumu na nyundo, nagonga masikio taratibu kinyume cha saa, na flaiwili nimeibana kwa mkanda wa kufungia mizigo. Usiingize bisibisi kwenye mapezi ya flaiwili kuizuia, ni alumini, yanavunjika, na pezi moja likivunjika flaiwili imepoteza balansi na upepo wa kupoza umepungua, na humu upepo huo huo ndo unaosukuma gavana.

Flaiwili yenyewe imekataa kutoka. Ina matundu mawili kwa ajili ya pula, kifaa cha kuing'olea, nimeazima pula kwa fundi wa kona (kaja nayo mwenyewe, alitaka kuona), tumekaza kidogo, tukagonga bolti ya katikati mara moja, tak, imeachia.

Kii ilikuwa imekatwa hatua katikati. Nusu ya chini imekaa kwenye mfereji wa shafti, nusu ya juu imesogea mbele kwa kama milimita moja na ushee, bado zimeshikana kwa utando mwembamba, ukiitazama kutoka juu unaona mfereji wa shafti na mfereji wa flaiwili havitazamani. Fundi akaichukua akaigeuza kwenye mwanga wa simu, akaguna. "Hii laini mno. Ngoja nikuchongee ya chuma, haitakatika tena maisha."

Hapo nimekataa, tumebishana vizuri tu. Kii imefanywa laini makusudi. Kinachoshika flaiwili sio kii, ni ule mbano wa shafti nyembamba ndani ya tundu la flaiwili na kukazwa kwa nati, kii kazi yake ni kuonyesha mahali. Ukiweka ya chuma, siku ya kisiki kingine kii haitakubali, na badala yake kitapasuka kitovu cha flaiwili au utaharibika mfereji wa shafti, na krankshafti bei yake unanunua mashine nyingine. Akasema sawa bosi, kwenye bodaboda hatuna visiki. Tukacheka.

Kii mpya Kariakoo tena, basi tena. Imeagizwa.

Ijumaa

Wakati nasubiri nimeangalia shafti kama imepinda, maana kisiki kinaweza kufanya hivyo na ikipinda kazi imeisha, usipoteze hela zaidi. Plagi nimeitoa kabisa. Mashine nimeilaza, na kuilaza kuna upande wake: eya klina iangalie juu, usilaze upande wa kabureta, oili itaingia kwenye eya klina na petroli itamwagika. Nimefunga kipande cha waya kwenye dishi la mashine ncha yake ikaribie kabisa bolti ya katikati ya kisu, mpwa akawa anazungusha kisu polepole kwa mkono, mimi macho kwenye ile nafasi. Haikucheza. Shafti imenyooka.

Kisu chenyewe ndo kilikuwa na hadithi. Ncha moja imeng'oka kidonge, na nilipokitundika kwenye msumari kwa tundu lake la katikati upande mmoja ukashuka moja kwa moja. Kwa hiyo ule mtetemo wa mikono nao sehemu yake ilikuwa hii. Nimekichonga kwa tupa, upande mzito nyuma ya makali, sio kwenye makali, narudi kwenye msumari, napiga tupa tena, mpaka kikakaa mlalo. Kishikio cha kisu kwenye shafti nacho kina kii yake ndogo, hiyo ilikuwa nzima. Na bolti ya kisu ilikuwa imelegea robo mzunguko. Kwenye moa hizi flaiwili ni nyepesi, kisu ndo kinachosaidia kubeba mzunguko, kisu kikilegea injini inakuwa ngumu kuwaka na inarudisha kamba hata kama cheche iko sawa. Ningeanza upya leo, bolti ya kisu ingekuwa ya kwanza kabisa kushikwa, ni spana moja tu.

Jumamosi tena

Kii imekuja. Shafti na tundu la flaiwili nimefuta kwa kitambaa na petroli mpaka vikauke kabisa, hapo hapatakiwi oili wala grisi, mbano unataka chuma kwa chuma. Kii imeingia, flaiwili imekaa, mifereji inatazamana. Kukaza ni nyutoni mita 75 hivi, nimeazima spana ya kupimia kwa jamaa mwenye gereji, klachi ikashikwa na soketi aliyoichonga yeye mwenyewe kwa ajili ya hizi kazi.

Koili lazima ikae na nafasi ndogo kutoka kwenye sumaku, kama milimita 0.25. Nimetumia kadi ya mchango wa harusi. Nimeipima kwanza kwa fila geji, ikasoma 0.25 safi kabisa, na kadi za michango ndani ya nyumba hii hazijawahi kuisha. Unalegeza bolti mbili za koili, unazungusha sumaku ije mbele yake, unaingiza kadi, sumaku inaivuta koili yenyewe, unakaza, unazungusha flaiwili kadi inatoka. Usitumie kitu cha chuma, sumaku itakung'ang'ania.

Kava limerudi, tenki limerudi, springi ya gavana kwenye tundu lake kama picha inavyoonyesha. Oili nimebadilisha kwa kuwa ya zamani ilikuwa nyeusi na inanuka petroli, SAE 30, imeingia kama mililita 600, kijiti kikasoma juu.

Mpwa akavuta. Kamba ikatoka ndefu, laini, haikurudi. Imeshika mvuto wa kwanza. Hakuna kupanda na kushuka, hakuna risasi, na ukiweka kiganja kwenye mpini mtetemo upo wa kawaida wa silinda moja, ule wa kukutia ganzi umeondoka. Tumeiingiza kwenye pasipalamu ndefu ya nyuma, gavana ikasikika inafungua, sauti ikazama kidogo halafu ikashika, ikapita. Farasi 3 za Arusha, sio 3.5, ila zote zipo.

Nimeizima baada ya kumaliza upande wa mbele, nimesubiri ipoe, nimetoa plagi. Kaure imekuwa ya kahawia nyepesi. Mzee jirani akaja ukutani akauliza ilikuwa platini? Nikamwambia mzee, ilikuwa saa ya cheche. Akasema si ndo hiyohiyo, na kwa kweli kwa mashine za enzi zake hakukosea sana.

Kilichobaki: tairi la nyuma kushoto bushi yake imeliwa linayumba, mfuniko wa tenki unataka gasketi ili mvua isiingie tena, na mashine sasa inalala ndani stoo. Kisiki, mpwa anaanza kukichimbua kesho, jembe na shoka nimeshamtolea.